Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo

Mama alikuwa amekaa mkekani, kikombe kakiinua mbele ya uso wa mwanawe wa miaka mitatu mwenye Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mtoto. "Hiki nini? Sema kikombe. Sema, baba! Ki-ko-mbe." Mtoto alikuwa na mfuniko wa sufuria, anauzungusha sakafuni na kusikiliza unavyolia. Mama akamnyang'anya ili atulie. Mtoto akageukia ukutani. Katika dakika moja nilihesabu maswali na amri kumi na nane, na mtoto hakupata upenyo wa kujibu hata moja.

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo kwa watoto wenye Down, usonji (shida ya kuwasiliana na kuhusiana na watu) na mtindio wa ubongo (shida ya kuongoza misuli), na jambo hili naliona karibu kila wiki. Kabla mama yeyote anayesoma hapa hajaumia moyo, niseme wazi: namna unavyomsemesha mtoto siyo iliyoleta ulemavu wake. Down hutokana na kuzidi kwa kromosomu ya 21, moja ya nyuzi za urithi ndani ya seli. Kuhusu usonji, kuna wakati wataalamu wakubwa waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani na mzazi wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kuipinga hoja hiyo. Sitaki lawama ile irudi kwa mlango wa uani.

Ila namna ya kumsemesha ina uzito. Mwaka 1985 Gerald Mahoney na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama 60 wa Marekani na watoto wao wadogo wenye ulemavu wa akili. Watoto waliokuwa mbele zaidi kimakuzi walikuwa na mama wanaofuata wanachokipenda watoto na kuwaitikia. Watoto wa mama wenye kuelekeza muda wote walikuwa nyuma. Utafiti wa aina hiyo hauonyeshi nani alimwanza mwenziwe, kwani mtoto aliyechelewa sana naye humfanya mama aamrishe zaidi. Mimi naona mambo hayo mawili yanalishana. Mtoto mwenye Down huhitaji muda kulipokea neno, kulielewa, kisha kuuandaa mdomo ambao misuli yake ni legevu. Mama anaona kimya, anadhani hakusikia, anarudia kwa sauti kubwa zaidi, na mtoto aliyekuwa njiani kujibu anaanza upya. Mwisho anaacha kujaribu.

Siwakatazi akina mama kuamrisha. Kwetu mtoto hulelewa kwa kuagizwa: lete kata, msalimie shangazi, kaa vizuri. Ninachouliza ni kama amri inafuata macho ya mtoto au inayang'oa yalipo. "Piga mfuniko! Mpe mama mfuniko" ni amri, na inampa jina la kitu kilichomo mkononi na akilini mwake. "Acha hicho, tazama kikombe" inamtwisha kazi mbili kwa pamoja: kuhamisha akili, ambako kwake ni kugumu, na kujifunza neno.

Nilimrudishia mtoto mfuniko wake, nikampa mama mfuniko mwingine. Nikamwomba afanye anachofanya mtoto, asitamke neno mpaka ahesabu kumi kimoyomoyo.

"Daktari, ninyamaze tu?"

Mtoto akazungusha, mama akazungusha. Kimya. Mtoto akasimamisha mkono, akainua macho, akamtazama mama usoni. Mama akagonga mara moja. Mtoto akagonga, akacheka: "Ba!" "Baa! Umepiga mfuniko!" Kisha mama akanigeukia: "Kumbe ananitazama."

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, jibu laweza kuwa jicho tu linaloelekea kwenye kikombe cha uji. Mama mwenye haraka humtia kijiko mdomoni kabla jicho halijafika.

Uingereza walijaribu njia ya kuwarekodi wazazi wakicheza na watoto wenye usonji, kisha mzazi na mtaalamu wanaitazama video pamoja. Watoto walikuwa 152. Matokeo ya 2010 yalionyesha wazazi wamebadilika sana katika kuitikia, ingawa dalili za usonji zenyewe hazikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Walipofuatiliwa, ripoti ya 2016 ilionyesha nafuu iliyodumu miaka baada ya tiba kwisha. Mimi natumia simu ya mama mwenyewe, dakika tatu zinatosha. Mama anayeamka alfajiri kukaanga vitumbua simpi zoezi la saa nzima. Namwomba dakika za kuogesha, kuvisha na kunywesha uji.

Yule mama wa mfuniko alirudi na video ya uani. Kashika kopo la maji juu ya beseni, anangoja. Mtoto analitazama kopo, anamtazama mama, mkono unapanda polepole. Nyuma inasikika sauti ya bibi: "Mmwagie basi, atapata baridi." Mama anajibu bila kugeuka: "Subiri, mama, bado anasema."