Chanjo ya malaria ya watoto: nimpeleke ama nisubiri kwanza? Maswali na majibu

Chanjo ya malaria imekuwa kwa kliniki za huku kwetu Kenya, pande za Ziwa Victoria, tangu Septemba 2019, ilianzia Homa Bay, lakini bado kuna akina mama wanafika na mtoto wa miezi sita wanasita pale mlangoni, na siku hizi ata akina baba wanauliza, jambo ambalo mimi nalipenda sana. Mimi ni nesi wa kliniki ya watoto. Maswali nimeyaacha karibu vile yanavyoulizwa, na majibu ni yale ningekupa tukikaa kwa benchi tukiongea polepole, maana siku ya kliniki yenyewe foleni huwa ndefu na hatupati nafasi.

Naskia inazuia asilimia 36 tu. Sasa ya nini kumdunga mtoto mara nne?

Hili ndio swali la maana kuliko yote kwa hivyo wacha nikae nalo kidogo. Hiyo namba ni ya kweli. Utafiti mkubwa wa hii chanjo inaitwa Mosquirix ulifanywa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 kwa nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, na watoto walioanza wakiwa na miezi 5 mpaka 17 wakapata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa karibu asilimia 36 kwa muda wa miaka minne hivi. Ukilinganisha na chanjo ya surua unaona ni kama mchezo.

Lakini malaria sio surua, surua ukishaugua umemalizana nayo, malaria inamrudia mtoto huyo huyo, anapona mwezi wa tano, mwezi wa nane yuko tena na joto, na kabla mwaka uishe ashapimwa kidole mara nne. Ndio maana kwa ule utafiti, kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, visa 1,774 viliepukwa, yaani visa vingi kuliko watoto wenyewe. Na Siaya huku pande za ziwa, ambako mbu hawana huruma, vilivyoepukwa vilikuwa vingi sana kuliko Kilifi kule pwani ambako wakati huo malaria ilikuwa imeshuka. Ata asilimia ikiwa ile ile, kitu unachopata mkononi kinategemea unapoishi.

Hapo ndio ningependa uanzie ukiwa unaamua. Usijiulize tu kama chanjo ni nzuri, jiulize mtoto wangu analala wapi, anaumwa malaria mara ngapi kwa mwaka, na nikiondoa theluthi moja ya hiyo shida ni mzigo gani umeniondokea. Ukiuliza maoni yangu, mtoto anayelala Ndhiwa ama Nyatike, huku karibu na ziwa, ningemchanja bila kungoja, na wa Nyeri kule kwa milima ambako malaria ni kidogo, ambaye hajawahi ata kutoka huko, huyo simsukumi mtu, na serikali yenyewe haijaipeleka huko.

Si ni mpya? Ilitengenezwa haraka haraka kama ile ya korona?

Hapana. Kazi ya hii ilianza 1987, kampuni ya GSK pamoja na watafiti wa jeshi la Marekani, kwa hivyo inawezekana ilianza kabla wewe mama uzaliwe. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza Oktoba 2021, baada ya majaribio yote na baada ya miaka miwili ya kuitumia kliniki za kawaida Kenya, Ghana na Malawi. Upya wake ni wa huku kijijini tu, vile imefika kwa zahanati yako juzi.

Mbona ni sisi Waafrika ndio tunajaribiwa? Watoto wa wazungu mbona hawachanjwi?

Hili swali sitaki kulipuuza kwa sababu historia iko, watu wetu wamewahi kufanyiwa mambo bila kuulizwa na mtu akiwa na wasiwasi simuoni mjinga. Kwanza, watoto wa Ulaya hawachanjwi kwa sababu hawana malaria ya kuzuia. Mwaka wa 2023 malaria iliua watu karibu 597,000 duniani, asilimia 95 walikuwa Afrika, na kati ya hao waliokufa huku kwetu watatu kwa kila wanne walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukitaka kujua kama dawa ya mamba inafanya kazi huendi kuijaribu jangwani.

Pili, hawakuanza na sisi. Kwenye majaribio ya mwanzo yaliyochapishwa 1997, walichukua Wamarekani watu wazima waliojitolea, wakawachanja, kisha wakawaachilia mbu wenye malaria wawaume kwa makusudi. Watu saba waliopata aina ile iliyofanya vizuri, sita hawakushikwa. Baada ya hapo ndio ikaanza safari ya kuja huku.

Na hizi habari za wasichana kufa na homa ya uti wa mgongo, ni uongo?

Sio uongo, na afadhali uelezwe vizuri kuliko uambiwe nusu nusu halafu ukutane nayo kwa simu usiku. Kwenye ule utafiti mkubwa mambo matatu yaliwatia watafiti wasiwasi: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, malaria ya kupanda kichwani pia, na vifo vya wasichana waliochanjwa vilikuwa juu kuliko vya wasichana ambao hawakuchanjwa. Namba zilikuwa ndogo na hakuna aliyeweza kueleza ni chanjo ama ni bahati mbaya ya hesabu. Hiyo ndio sababu haikusambazwa mara moja kila mahali, ikaletwa kwanza kwa maeneo ya nchi tatu na kufuatiliwa.

Kulikuwa na malalamiko hapo pia, 2020 jarida la madaktari la BMJ liliandika kwamba wazazi kwenye huo mpango hawakuelezwa vya kutosha kuhusu hayo mambo matatu. Mimi nakubaliana nao, mzazi ana haki ya kusikia yote kabla ya kukunja mkono wa shati la mtoto.

Sasa matokeo: baada ya kufuatilia maeneo ambako watoto karibu milioni mbili walichanjwa kuanzia 2019, hayo mambo matatu hayakuonekana kuhusishwa na chanjo, sio kwa wasichana wala kwa wavulana. Na vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, vya sababu zote ukitoa ajali, vilishuka kwa asilimia 13 kwa maeneo yaliyopata chanjo, na hapo hesabu ni ya eneo zima, ata wale ambao mama zao hawakuwapeleka wamo ndani.

Ikishaingia mwilini inafanya nini? Inaweza kumpa mtoto malaria?

Haiwezi kumpa, hakuna kijidudu hai ndani. Mbu akikuuma anaacha vijidudu vinavyokimbilia kwenye ini, vikijificha huko siku kadhaa vinazaana ndio vinatoka kwa damu unaanza kutetemeka. Chanjo imebeba kipande cha ngozi ya nje ya kile kijidudu, kimeshonwa na kipande cha protini ya hepataitisi B, mwili unajifunza kukitambua ili ukishike kabla kifike ini. Halafu kuna kitu cha kuamsha kinga, sehemu yake inatoka kwa gome la mti unaomea Chile. Na ule uvumi kwamba inaharibu uzazi wa mtoto, chanjo haina uhusiano nao kabisa.

Kwa kliniki utaona nesi ana vichupa viwili, kimoja cha unga na kingine cha maji maji, anachanganya palepale mbele yako. Ikichanganywa ni ya watoto wawili na lazima itumike ndani ya masaa 6 ama imwagwe, kwa hivyo ukiona ametazama foleni kwanza kabla ya kufungua ujue ni hiyo hesabu anafanya.

Wa jirani yangu alichanjwa usiku akapata degedege. Sasa nimeogopa.

Pole kwa jirani, degedege ni kitu cha kutisha ukiiona kwa macho. Madhara ya kawaida ni joto, kulia lia, mahali pa sindano kuvimba kidogo, na joto hasa ni la kutegemewa. Degedege ya joto hutokea kwa karibu dozi 1 kwa kila 1,000 ndani ya wiki moja baada ya kudungwa. Ni nadra lakini iko, sitakuficha. Mtoto akiwahi kupata degedege ata mara moja mwambie nesi kabla ya sindano, atakuelekeza kumpa paracetamol mapema na namna ya kumuangalia.

Ila kuna kitu kimoja naomba sana. Mtoto akichomeka mwili siku ya pili ama ya tatu baada ya chanjo usiseme ni ya sindano ukanyamaza, mpeleke apimwe malaria, kwa sababu huku kwetu hiyo joto inaweza kuwa malaria yenyewe aliyokuwa nayo tayari. Na akishikwa na degedege mlaze kwa ubavu, usimwekee kijiko mdomoni, kimbia naye hospitali.

Asiyefaa kupewa ni yule aliyepata mzio mbaya kwa dozi iliyopita au kwa chanjo ya hepataitisi B. Mgonjwa sana leo, mnasubiri apone. Mwenye virusi vya ukimwi anaweza kuchanjwa, na mwenye selimundu (sickle cell) ndio kabisa usimwache, malaria inamumaliza damu haraka kuliko wengine.

Si bora nisubiri nione wa wenzangu watakuwaje?

Wa wenzako ndio hawa, waliochanjwa 2019 wako shule ya msingi saa hii. Kusubiri kunaonekana kama kutofanya kitu, kumbe nako ni uamuzi na una bei yake. Kinga aliyopata kwako tumboni huanza kuisha karibu na miezi sita, na kutoka hapo mpaka miaka miwili ndio wakati malaria inageuka kuwa ile ya kuishiwa damu, mnabebwa na boda saa nane usiku mnatafuta hospitali iliyo na damu kwa friji. Ukisubiri mpaka afike miaka mitatu uone vile mambo yanaenda, utakuwa umesubiri ule muda chanjo ilitengenezewa upite.

Tumepata tatu, ya nne imetupita. Kuna haja?

Iko, tena sana, na hapa ndio watoto wengi wanaachia njiani bila kumaliza dozi. Ya kwanza na ya pili mama anakuja, ya tatu inaangukia siku ya surua miezi tisa, halafu ya nne mtoto ashatembea, ashasahau kliniki, mama amerudi kazi. Kilifi waliwafuatilia watoto waliopata dozi tatu peke yake kwa miaka saba, kinga ilipungua mpaka karibu kuisha, na kwa mwaka wa tano wale wanaokaa penye mbu wengi waliugua zaidi kuliko ambao hawakuchanjwa. Kwa hivyo kama unaamua, amua dozi nne. Kenya ilianza na miezi 6, 7, 9 na 24, wewe fuata tarehe iliyoandikwa kwa kitabu chako cha mama na mtoto, na kama imepita nenda tu, hakuna mtu wa kukugombeza na akikugombeza mwambie nimesema mimi. Ni bure.

Dada yangu yuko upande wa Uganda, ratiba yake ni tofauti. Nani anadanganywa?

Hakuna. Uganda ilianza Aprili 2025 na chanjo nyingine inaitwa R21, ya chuo kikuu cha Oxford na kiwanda cha Serum Institute huko India, inapeanwa miezi 6, 7, 8 na 18. Hiyo nayo ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo pamoja na Burkina Faso na Mali. Kinachotakiwa ni amalize na ile aliyoanza nayo kama inapatikana, akihama aende na kitabu. Kama haipatikani ama haijulikani alianza na gani, anamalizia na iliyopo.

Bwanangu amekataa kabisa.

Mlete. Sio kwa kugombana, mlete tu siku ambayo sio ya kliniki, awe na maswali yake. Wengi wakikataa wanakataa kitu walichotumiwa kwa simu, na hawajawahi kupata mtu wa kuuliza. Akisikia yote pamoja na yale mabaya na bado akikataa, basi mmeamua mkijua, na neti na kupima joto mapema vinabaki palepale kwa wote, aliyechanjwa na ambaye hajachanjwa.

Sisi tunaishi Nairobi lakini Desemba tunaenda ushago Siaya wiki tatu. Achanjwe?

Chanjo haitakusaidia kwa safari ya wiki tatu, dozi zake zinaenda miezi, na ata ukipata moja mkifika hiyo haitoshi. Mtoto aliyezaliwa Nairobi akienda Siaya anaumwa vibaya kuliko binamu zake kwa sababu mwili wake haujazoea, kwa hivyo kabla ya kufunga mizigo muone daktari kuhusu dawa za kuzuia, beba neti yenu wenyewe msitegemee kugawana na wageni wengine wa Krismasi, jioni mvalishe nguo ndefu. Mkisharudi Nairobi akipata joto ndani ya mwezi mmoja ama ata miwili, ukifika hospitali maneno ya kwanza yawe "tumetoka Siaya", maana huko Nairobi daktari anaweza kuangalia kifua na masikio akakuandikia antibayotiki bila kufikiria malaria.