Waya mfupi unaweza kuziba njia ya wenzake wote

Ukifungua simu mbovu au redio utaona ile bodi ya kijani imejaa njia za shaba, ndiyo nyaya zake, zinazopinda pinda, na watu wanatuulizaga sana sisi wa kompyuta, kwani wangezinyoosha tu ingekuwaje? Shida ni kwamba zikikatizana upande mmoja wa bodi ni shoti tayari.

Chukua daftari la hesabu uchore miraba 5 kwa 5. Waya A unatoka mraba wa kwanza wa mstari wa 3 unaenda mraba wa mwisho wa mstari huohuo. Waya B unatoka katikati ya mstari wa 2 unaenda katikati ya mstari wa 4. Unatembea juu, chini, kulia au kushoto, kwenda mshazari hamna. Ukianza na A ukaunyoosha ni hatua 4 tu, safi, ila umeshaigawa gridi pande mbili na B haupiti hata uuzungushe vipi. Futa. Anza na B, hatua 2, afu A unapanda mpaka mstari wa 1, unavuka kwa juu, unashuka, hatua 8. Jumla 10, na chini ya hapo haipatikani, bisha kwa penseli.

Waya mmoja peke yake hausumbui kabisa. Mwaka 1961 mtafiti C. Y. Lee alichapisha mbinu inayotumika hadi leo, kompyuta inaandika 1 kwenye miraba yote inayopakana na mwanzo, 2 kwenye inayofuata, inaenda hivyo hivyo ikiruka iliyozibwa mpaka ifike mwisho, afu inarudi ikifuata namba zinazoshuka. Njia kama ipo itaipata, na ni fupi kuliko zote.

Kasheshe ni nyaya zikiwa nyingi, maana kila mmoja unataka njia yake fupi na unamzibia mwenzake, na mpaka leo hakuna anayejua programu inayotoa jibu bora kila mara bila kuchukua muda wa kutisha. Kwa hiyo programu za kuchora bodi zinafanya kama ulivyofanya wewe na kifutio, zinalaza waya, zikikwama zinang'oa ule uliokaa njiani zinaulaza upya. Ikishindikana kabisa zinatoboa kitundu waya ushukie upande wa pili wa bodi, ila tundu nalo linakula nafasi, na tabaka jingine la shaba likiongezwa bei ya bodi inapanda.