Je, wajua kwa nini ulikopa serikali ya Marekani halafu unalipa kampuni usiyoijua?

Hili swali linawachanganya sana watu wetu huku Marekani, hasa waliopata green card wakaingia chuo kwa mkopo wa serikali. Ulijaza fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, ukasaini kwamba unakopa Wizara ya Elimu, hela ikaenda chuo, ukasoma ukamaliza, halafu miezi 6 ikipita unaletewa barua na kampuni hujawahi kuisikia, labda Nelnet, MOHELA, Aidvantage au Edfinancial, inakwambia lipa kwetu. Kuna wanaoitupa hiyo barua wakidhani ni matapeli, na kuna wanaoamini deni lao limeuzwa. Hakuna aliyepatia hapo.

Deni bado ni la serikali. Hizo kampuni zimepewa tenda tu, kazi yao ni kutuma bili, kupokea hela, kupokea simu na kutunza hesabu. Huku tunawaita savisa. Savisa hawezi kukubadilishia riba na hawezi kukusamehe deni kwa matakwa yake, kama vile keshia wa benki asivyoweza kukugawia hela za benki. Nyumbani tumezoea Bodi ya Mikopo inakopesha yenyewe na kudai yenyewe, Tanzania mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara kabla hata hujauona, ndio maana mtu akija huku anashangaa mbona hakuna anayemkata. Hukatwi, lakini kukumbuka kulipa ni juu yako.

Sasa kwa nini wizara isikusanye yenyewe? Zamani mabenki ndio yalikuwa yanakopesha wanafunzi na serikali inadhamini, kwa hiyo wenye vituo vya simu na mitambo ya bili walikuwa ni kampuni za upande huo. Mwaka 2010 Bunge la Marekani likafuta utaratibu ule, kuanzia Julai 1 mwaka huo mikopo yote mipya ya serikali ikawa inatoka wizarani moja kwa moja, ila wizara haina jeshi la kupokea simu za mamilioni ya watu, ikabidi iajiri kampuni zenye uzoefu. Leo wakopaji ni zaidi ya milioni 40 na deni lote linapita dola trilioni 1.6.

Jinsi wanavyolipwa ndio kunaeleza mengi, na hapa naomba usome taratibu. Savisa hapati asilimia ya hela unayolipa, analipwa kwa kichwa kila mwezi. Kwenye mikataba iliyotumika miaka mingi ilikuwa dola 2.85 kwa mwezi kwa mkopaji anayelipa vizuri, na inapungua akichelewa. Hebu fikiria, kukaa na wewe kwenye simu dakika 40 akikutafutia mpango unaoendana na kipato chako ni gharama kwake, lakini kukwambia "tukusimamishie malipo miezi mitatu" ni dakika tano simu imekatwa. Mwaka 2017 CFPB, ambalo ni shirika la serikali la kulinda wateja wa huduma za fedha, liliishtaki Navient, savisa mkubwa wa wakati huo, likidai inawasukuma watu kwenye kusimamisha malipo badala ya kuwaelekeza kwenye mipango ya kipato, na kesi ikaisha 2024 kwa makubaliano ya dola milioni 120 pamoja na marufuku ya kuhudumia tena mikopo ya serikali.

Mbona kusimamishiwa ni kubaya wakati unapumua? Twende kwenye kikokotoo. Chukua deni la dola 10,000 kwa riba ya asilimia 6.53, ndio ilikuwa riba ya mikopo ya digrii ya kwanza mwaka wa masomo 2024 hadi 2025. Kwa mwaka ni dola 653, gawa kwa siku 365 unapata kama dola 1.79 kila siku, Jumapili na Idi zimo humo. Siku 30 ni karibu dola 54. Ukilipa 100, riba inachukua 54 yake kwanza na 46 tu ndio inashusha deni lenyewe. Sasa simamisha miezi mitatu, riba inajikusanya mpaka dola 161, na siku unarudi na 100 yako ya kwanza inaliwa yote na deni la msingi halijaguswa hata senti. Ule mkopo ambao serikali inabeba riba unapokuwa shule, ukiahirishiwa rasmi kwa sababu kama kurudi chuo, serikali inaendelea kuibeba, lakini kusimamishiwa kwa kawaida kwenye simu hakuna msamaha huo, riba inatembea kwenye kila mkopo.

Halafu kitu kingine, deni lako sio moja. Kila mwaka wa masomo unafungua mkopo wake, na mara nyingi miwili, kwa hiyo aliyesoma miaka minne akifungua akaunti anakuta mistari 8, kila mmoja na riba yake. Ukituma hela zaidi ya bili, savisa anaitawanya kwa utaratibu wake, na mwezi unaofuata unaweza kukuta bili inasoma 0 kwa sababu wamehesabu umelipa mbele. Watu wanafurahi, wanapumzika mwezi mzima, kumbe riba inahesabu. Waandikie kwenye akaunti, sio kwa mdomo, kwamba ziada iende kwenye mkopo wenye riba kubwa kuliko yote na tarehe ya bili isisogezwe mbele. Ni haki yako na hakuna faini ya kulipa mapema. Ukiweka makato ya moja kwa moja toka benki riba inashuka kwa asilimia 0.25, ni kidogo lakini chukua.

Mimi yalinikuta wakati wa kuhamishwa. Wizara inaweza kuhamisha akaunti yako toka savisa mmoja kwenda mwingine bila kukuomba, na mimi nilihamishwa wakati nimeshahama apatimenti, barua ikaenda anwani ya zamani, makato ya benki hayakuhamia kule kupya na mimi nimetulia najua hela inatoka. Niligundua kwa imeli ya tatu, nimeshachelewa siku 50 na kitu. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukosa. Tangu hapo kila mwezi napiga skrinshoti ya salio na ya historia ya malipo naweka kwenye folda.

Na wao wanakosea kwa mamilioni. Oktoba 2023, malipo yaliporudi baada ya kusimama tangu Machi 2020, wizara iliizuilia MOHELA dola milioni 7.2 kwa sababu haikutuma bili kwa wakati kwa wakopaji milioni 2.5, na zaidi ya 800,000 wakahesabiwa wamechelewa. Ukiona kosa, andika malalamiko kwa savisa mwenyewe kwanza, wakikuzungusha peleka kwenye StudentAid.gov, tovuti ya wizara yenyewe. Humo humo ndimo unamjua savisa wako wa kweli ni nani. Anayekupigia simu akitaka ada ya kukufutia deni au neno la siri la akaunti yako, kata simu.

Ukikwama usinyamaze. Ukipita siku 90 unaripotiwa kwenye krediti, ile rekodi yako ya kulipa madeni, na ukifika siku 270 unahesabiwa umeshindwa kulipa, hapo sheria inairuhusu serikali kuchukua hela unayorudishiwa ya kodi na kukata mshahara mpaka asilimia 15 bila kwenda mahakamani. Kwa hiyo piga kabla, na ukiambiwa wakusimamishie, sema hivi: "Nataka kwanza mpango wa kulipa kulingana na kipato, niambie kwa mwezi itakuwa ngapi." Kwa kipato kidogo baadhi ya mipango imewahi kushuka mpaka dola 0 kwa mwezi, na mwezi wa 0 ukiwa ndani ya mpango unahesabika kama umelipa. Mipango inabadilika, sheria ya Julai 2025 imeleta mpya unaoitwa RAP unaoanza Julai 1, 2026, kwa hiyo muulize uliopo siku hiyo, andika jina la uliyeongea naye, tarehe na saa mliyoongea.