Je, wajua kwa nini kerneli ya Linux huulizia prosesa kabla ya kujengwa?

"Mjomba, si Linux ni ileile?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo mwaka jana, msimu wa korosho umepamba moto, tumekaa barazani Shangani, Mtwara. Yeye kashika bodi ya Raspberry Pi 4, kompyuta nzima inayoenea kiganjani. Mimi laptopu yangu kuukuu iko mapajani. Alikuwa na jambo lake: bodi ile isome mzani wa kidijitali ghalani, kilo za kila gunia ziingie zenyewe kwenye jedwali, karani apumzike na daftari. Na kwa kuwa damu bado inachemka, hakutaka Linux, mfumo endeshi, ya kushusha tu mtandaoni. Alitaka ajijengee kerneli yake, kiini cha mfumo huo, nyepesi, iliyoondolewa kila kisichohitajika. Maswali ya kuijenga yalipomchosha, akachukua faili la majibu kutoka kwenye laptopu yangu, akalitumia vivyo hivyo lilivyo. Kazi ikaenda kutwa nzima bila lawama hata moja. Alipowasha bodi, skrini ikatoa rangi za upinde wa mvua, kisha giza.

Swali lake lina haki. Msimbo ni mmoja, walioandika ni watengenezaji walewale. Kwa nini majibu yanayofaa laptopu yaizime bodi?

Programu ya kawaida haiishi peke yake. Kivinjari kikitaka memori, kinaiomba kerneli. Kikitaka kusoma faili, kinaiomba kerneli, wala hakijali kama faili hilo limo kwenye flashi au kwenye diski. Kerneli ndiyo inayoombwa na wote. Yenyewe haina pa kuomba. Programu ndogo iliyochomwa kwenye bodi ikishaikabidhi usukani, hubaki kerneli na prosesa, chipu inayotekeleza amri, ana kwa ana. Kwa hiyo mengi ambayo wenzake huyauliza wakiwa kazini, yeye anatakiwa awe ameshaambiwa tangu siku ya kujengwa.

Na la kwanza kuambiwa ni lugha. Msimbo wa Linux umeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, ambayo prosesa haiielewi hata kidogo. Kompaila ndiyo huugeuza kuwa amri za prosesa fulani. Chukua amri moja ndogo, ile ya "rudi ulikotoka", inayotumika kila kipande cha kazi kinapokwisha. Kwenye prosesa za Intel na AMD ni baiti moja: C3. Kwenye ARM ya biti 64, ukoo wa prosesa ya bodi ile, ni baiti nne: D65F03C0. RISC-V, ukoo mwingine, nayo ina yake: 00008067. Hata mwendo wa kusoma ni tofauti. Amri za Intel zina urefu wowote kati ya baiti 1 na 15, wakati kila amri ya ARM ya biti 64 ni baiti 4, hakuna fupi wala ndefu. Programu inapotaka kuandika kitu, humtajia kerneli namba ya huduma: kwenye Intel na AMD za biti 64 namba hiyo ni 1, kwenye ARM ya biti 64 ni 64. Kompaila ikielekezwa pasipo, kinachotoka ni maneno ya lugha nyingine kabisa.

Mpwa wangu hakukosea hapo. Alijua kuandika ARCH=arm64 kwenye amri yake, yaani ijengwe ya ARM ya biti 64, na kompaila ya ARM alikuwa ameshaiweka. Kosa lake lilikuwa hatua moja mbele, na ndilo linalowapata wengi.

Kabla ya hapo, kidogo juu ya ilikotoka. Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alisema wazi kwamba haihamishiki: ilikuwa imefungwa kwenye prosesa ya Intel 386 kwa kamba ngumu. Kufikia 1995 ilikuwa imeshapelekwa kwenye prosesa ya Alpha, na kazi hiyo iliwalazimu watengenezaji kutenganisha yanayohusu prosesa na yasiyohusu. Matokeo yake unayaona leo ukifungua msimbo: kuna folda inaitwa arch, na ndani yake folda takriban 20, x86 (ukoo wa Intel na AMD) yake, arm yake, arm64 yake, riscv yake. Kilichobaki nje ya folda hiyo, ambacho ni sehemu kubwa mno, wote wanakigawana. Kichekesho ni kwamba 386 yenyewe, kitovu cha yote, iliondolewa mwaka 2013 katika toleo la 3.8, maana kuendelea kuitunza kulikuwa kunawachosha watu kwa faida ya karibu sifuri. Sikuona aliyelia.

Sasa maswali yenyewe. Ukiandika make menuconfig (make ndiyo programu inayosimamia ujenzi), hufunguka menyu ya chaguo zaidi ya elfu kumi. Usitishike; huzijibu zote, nyingi zina jibu la kuanzia. Chaguo nyingi hupokea moja ya herufi tatu: y, ijengwe ndani ya kerneli, n, isijengwe, m, ijengwe kama moduli, kipande cha pembeni kinachopakiwa kikihitajika. Anayejua jahazi ataelewa haraka. Mkuku huwezi kuuongeza chombo kikiwa majini Mikindani. Tanga unaweza kulishusha na kupandisha jingine. Chaguo la usanifu wa prosesa ni mkuku. Halina m.

Ila y na m zina mtego mmoja unaostahili muda. Tuseme draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya kadi ya memori umeipa m, na mfumo wako wote umo kwenye kadi hiyohiyo. Moduli ni faili. Faili limo ndani ya kadi. Kadi haifunguki bila moduli. Umefungia ufunguo ndani ya sanduku. Kerneli hujaribu, hushindwa kupata mzizi wa mfumo wa mafaili, hutangaza kuwa imepatwa na taharuki na kusimama. Dawa ni mbili: uipe y, au uandae kikapu kidogo cha mafaili ya kuanzia, kinachopakiwa kwenye memori pamoja na kerneli, chenye moduli ile ndani. Linux za kushusha mtandaoni kwa kawaida hutumia kikapu, kwa sababu hazijui zitaangukia kompyuta ya nani.

Majibu yako yote huandikwa kwenye faili moja la maandishi, jina lake .config. Hilo ndilo alilolichukua kijana. Na hapa pana jambo ambalo menyu haikwambii kwa sauti: maswali yenyewe hubadilika kulingana na prosesa uliyoitaja. Kila swali limeandikiwa masharti, "mimi nategemea fulani". Ukisema x86, swali la bodi zenye chipu za Broadcom, kama ile ya kijana, haliji kabisa. Ukisema arm64, linakuja, linaitwa ARCH_BCM2835, na bila y hapo draiva kibao za Raspberry Pi hazijitokezi hata kwenye menyu. Faili la laptopu yangu halikuwa na jibu la swali hilo, kwa kuwa laptopu haijawahi kuulizwa. Mfumo ulipolisoma chini ya arm64, ukatupa kimyakimya kila jibu usilolitambua, na mapengo, kwa kuwa alikuwa ameuamuru usimuulize kitu, ukayajaza kwa jibu la kuanzia. Kwa Broadcom, jibu la kuanzia ni n.

Kilichojengwa kilikuwa kerneli halali ya ARM, inayozungumza lugha sahihi, isiyojua vifaa vingi vya muhimu kwenye bodi ile. Zile rangi za upinde wa mvua hazikutoka kwake. Kwenye Raspberry Pi, sehemu ya prosesa ya picha huamka kwanza, huchora rangi hizo, ndipo hukabidhi kazi. Giza ndiyo ilikuwa zamu ya kerneli yake.

"Lakini laptopu hata ukiiwekea Linux ya mtu mwingine inawaka," akabisha. Kweli, na sababu yake naipenda. Kwenye kompyuta za ukoo wa Intel, vifaa vingi hujitaja vyenyewe: kerneli hupita kwenye njia za PCI, zinazounganisha kadi na bodi mama, ikiuliza "nani yupo hapa?" na kila kadi hujibu jina lake, huku bodi mama ikitoa orodha ya mengine. Bodi nyingi za ARM hazina adabu hiyo. Kifaa kimekaa kwenye anwani fulani ya memori, kimya, na asiyeambiwa anwani hatakiona milele. Zamani anwani hizo ziliandikwa ndani ya msimbo wa kerneli, bodi kwa bodi, mpaka folda ya ARM ikafurika. Mwaka 2011 Torvalds alilalamika hadharani kwa ukali wake unaojulikana. Baada ya hapo kazi ikahamishiwa kwenye faili la pembeni, ramani ya vifaa vya bodi, ambalo kerneli hupewa inapowashwa. Ndiyo maana folda ya arm ya biti 32 ina mafaili ya majibu ya kuanzia kwa makumi, kila ukoo wa bodi na lake, wakati arm64 inaendeshwa kwa moja kuu.

Ramani inakueleza kifaa kiko wapi. Draiva ya kukiendesha lazima uwe umeijenga. Kijana alikuwa na ramani bila draiva.

Utauliza, mbona yote yasiulizwe wakati wa kuwaka? Mengine huulizwa kweli. Kerneli za Linux za kushusha hujengwa kwa ajili ya prosesa yoyote ya ukoo wa x86 wa biti 64, na zikiwaka huiuliza prosesa ina uwezo gani, kisha hujifanyia upasuaji: hubadilisha amri zake zenyewe ndani ya memori, ziweke zile za kasi zaidi. Kuna hata mashindano. Kerneli yenye draiva za RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa, hushindanisha mbinu kadhaa za hesabu kwa muda mfupi, huandika kasi ya kila moja, na humchagua mshindi. Ukisoma kumbukumbu za kuwaka utayaona matokeo kama ya ligi.

Yasiyongojeka ni yale ambayo msimbo wote umesimama juu yake. Ukubwa wa kurasa za memori, vipande ambavyo memori hugawanywa, ni mfano mzuri. Kwenye ARM ya biti 64 unachagua kilobaiti 4, 16 au 64, kutegemea chipu inaruhusu ipi, na ukishajenga umeshajenga. Kurasa kubwa hupunguza hesabu za kutafuta anwani, kwa hiyo kasi huongezeka. Lakini faili la kilobaiti 1 likipakiwa kwenye ukurasa wa 64, nafasi iliyobaki imekaa bure. Kerneli ya kawaida ya Raspberry Pi 5 hutumia 16, na baadhi ya programu zilizojengwa kwa kudhani kila ukurasa ni 4 ziligoma kuwaka juu yake. Tarakimu moja kwenye menyu, programu nzima inagoma.

Kwa wenye kompyuta za mtumba zenye prosesa za biti 32, chaguo la kuangalia ni PAE. Anwani za biti 32 zinaishia gigabaiti 4, na sehemu ya hizo huliwa na vifaa, ndiyo maana ulinunua 4 ukaonyeshwa 3 na pointi. PAE hupanua anwani za prosesa hadi biti 36, yaani gigabaiti 64, ingawa kerneli za tangu 2025 za biti 32 za ukoo huo hazitumii tena zaidi ya 4. Prosesa isiyo na PAE ukiipa kerneli inayoidai, haiwaki.

Tukarudi mwanzo. Nikamwambia afute .config, achukue msimbo unaotunzwa na watengenezaji wa Raspberry Pi, aanze na bcm2711_defconfig, faili la majibu la bodi yake, halafu apunguze kutoka hapo, kimoja kimoja, akijaribu kila mara. Ukweli nikamwambia pia: kerneli ya kushusha ingemtosha, ghala halina haja ya kerneli nyembamba. Hakunisikiliza, na sikutaka anisikilize.

Jioni umeme ukakatika na betri yangu ni ya kuombea dua. Hapa make ina uungwana wake: hulinganisha saa za mafaili, kilichokwisha kujengwa hairudii. Ulipowaka tukaendelea tulipoishia, isipokuwa faili moja lililobaki tupu kwa kukatishwa katikati. Tukalifuta, likajengwa upya.

Akatoa sauti, akatoa kamera, akatoa redio za kila aina. Akafika kwenye waya za USB za kusomea vifaa vya zamani, kidole kiko juu ya n. Nikamshika mkono. Waya wa mzani wake ulikuwa na chipu ya CH341, na draiva yake imekaa hapohapo, imeshapewa m tangu mwanzo.

Kesho yake tukachomeka. Moduli ikapakiwa, ttyUSB0, mlango wa kusomea mzani, ikajitokeza. Gunia la kujaribia hatukuwa nalo, kwa hiyo akapanda mwenyewe juu ya mzani, bodi ikaandika kilo 58.

"Zamu yako, mjomba."

Nikamwambia mzani ule ni wa korosho.