Kuwa na jeni za seliaki si kuwa na ugonjwa wa seliaki

“Dada yangu amegundulika ana seliaki. Na mimi niache mkate?” Wanaouliza hivi wana haki ya kuuliza, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ila jibu ni hapana, usiache bado. Kapime kwanza.

Katika seliaki, kinga ya mwili huchokozwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), kisha ikaushambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vinavyofyonza chakula huliwa mpaka ukuta wa utumbo ukabaki bapa. Mmoja ataharisha na kukonda. Mwingine hana shida yoyote ya tumbo, ila damu inapungua kila mara na vidonge vya madini ya chuma havimsaidii. Huyu ndiye anayezungushwa miaka bila kupata jibu.

Kinachorithiwa kiko kwenye kromosomu ya 6, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, katika kundi la jeni liitwalo HLA. Jeni hizi hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kuzionyesha seli za kinga vipande vya vitu vilivyoingia mwilini. Aina mbili, DQ2 na DQ8, hushika vipande vya gluteni barabara kuliko nyingine. Karibu wagonjwa wote wana mojawapo, na wengi mno wana DQ2.

Hata hivyo, katika nchi za Ulaya watu 3 au 4 kati ya 10 wana jeni hizo, na anayeugua ni kama 1 tu kati ya 100. Hata pacha wanaofanana si lazima waugue wote wawili. Chakula nacho kina sehemu yake. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa watoto wa Kisaharawi, yaani wa jamii ya Sahara Magharibi, ambao zaidi ya 5 kati ya 100 walikuwa na seliaki, kiwango kikubwa ajabu. DQ2 imeenea sana kwao, na jamii hiyo iliyozoea maziwa na nyama ya ngamia ilihamia kwenye ngano katika vizazi vichache tu.

Kwa mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa, uwezekano wa kuugua ni takriban 1 kati ya 10. Hapo kipimo cha jeni kina faida moja kubwa: asiye na DQ2 wala DQ8 karibu hawezi kupata seliaki, na hahitaji kupimwa tena na tena. Aliye nazo hajaambiwa kuwa ni mgonjwa. Anahitaji kipimo cha damu cha kingamwili, yaani protini ambazo kinga ya mwili huzitoa inapochokozwa, na daktari akiona dalili, kamera ya kuchukua kipande kidogo cha utumbo.

Vipimo hivyo viwili vifanyike ukiwa bado unakula ngano. Ukiacha mapema, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Nasisitiza hili kwa sababu ushauri wa “acha tu chapati uone” unasikika kila mahali, na ndio unaochelewesha watu.

Aliyethibitishwa ataacha gluteni maisha yake yote. Ugali wa mahindi, muhogo, wali, mtama na ulezi ni salama kwake, lakini unga wa lishe mara nyingine huchanganywa na ngano, na mashine iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani ya mahindi yako. Muulize msagaji kabla hujampa debe lako.