Mapumziko Pangani: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Wengi wanaokwenda Pangani kupumzika mwisho wa wiki huchagua tarehe kwa ruhusa ya kazini, kisha hushangaa wakifika. Asubuhi wanakuta maji yamekupwa na ufukwe umekuwa uwanja wa mchanga mbichi. Alasiri wanakodi boti kwenda kisiwa cha Maziwe, na fungu la mchanga limeshaanza kuzama. Mji huu umekaa mdomoni mwa mto, kwa hiyo ratiba yake hupangwa na maji.

Kanuni yenyewe wavuvi wanaijua. Bamvua, yaani maji kupwa na kujaa kwa kiasi kikubwa kabisa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, na tofauti ya kina huzidi mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu: tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na saa hugeuka, maji yakijaa asubuhi na kupwa jioni. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na robo, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukishika hayo utaweza kukadiria mwenyewe, lakini kwa safari ya boti tumia jedwali la maji la bandari ya Tanga.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, tunashauri bamvua. Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni eneo tengefu la bahari, zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa kitu cha kuushika, mawimbi yakauchukua. Leo limebaki fungu linalojitokeza maji yakipwa na kufunikwa bamvua ikijaa. Ondoka saa mbili asubuhi, rudi kabla ya saa nane. Hakuna mti, kivuli wala maji ya kunywa: kila mtu abebe lita 2 angalau, kofia, na nguo ya mikono mirefu ya kuingia nayo majini, maana mgongo huungua mtu akiwa ameinamia matumbawe bila kujua. Vaa viatu vya maji kwa sababu ya viumbe vyenye miiba mirefu myeusi, ila usisimame juu ya matumbawe. Tawi linalovunjika kwa hatua moja huchukua miaka kukua tena. Ada ya kiingilio idai stakabadhi. Na usipande boti kabla ya kuhesabu majaketi okozi: yawe sawa na idadi ya watu, watoto wakiwa na ya kwao.

Jioni ya siku hiyohiyo maji yanajaa, na huo ndio wakati wa kupanda mto. Boti huingia kwenye vijito vya mikoko ambavyo asubuhi vilikuwa tope tupu, na minazi ya kingo zote mbili hupata mwanga mzuri. Usiogelee mtoni. Juu kuna mamba, na mdomoni maji yakianza kupwa hukutana na mkondo wa mto na kumvuta mtu kuelekea baharini. Anayetaka kuogelea aende ufukwe wa Ushongo, kama kilomita 16 kusini ya Bweni iliyo ng'ambo ya mto, ndani ya saa mbili kabla au baada ya maji kujaa.

Siku ya pili utembee mjini, kuanzia saa moja asubuhi kabla jua halijakolea. Mwongozaji wa hapo ni lazima kwa maoni yetu, kwa kuwa majengo mengi hayana kibao cha maelezo. Huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Agosti 1888 hapa ndipo upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulipowaka, na kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapahapa tarehe 15 Desemba 1889. Mkonge wa Tanganyika nao ulianzia karibu, Kikogwe: miche 62 tu ilinusurika kati ya 1,000 iliyoagizwa na Richard Hindorf mwaka 1893.

Kwenye nyumba za mtaa wa Uhindini, ukishatazama milango iliyonakshiwa, inua macho kwenye dari. Vyumba ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3, kwa sababu upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa huacha unyevu utoke. Palipozibwa kwa saruji utaona lipu imebanduka vipandevipande: chumvi na maji vimenaswa ndani, na boriti zinaoza mahali zinapoingia ukutani. Ndiyo maana tunasisitiza usipande ghorofa ya nyumba iliyoachwa, hata ngazi ikionekana nzima. Boriti huoza kuanzia ndani.

Ni mji wa Waislamu wengi. Mabega na magoti yafunikwe uwapo mitaani, nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, hivyo panga chakula mapema.

Epuka Machi hadi Mei. Masika hujaza mto udongo, bahari huwa ya kahawia, na barabara za vumbi upande wa Bweni hunasa magari. Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma, mara nyingi bahari hutulia zaidi.

Kutoka Dar es Salaam panda basi hadi Tanga, kisha kilomita 50 hivi hadi Pangani. Njiani simama Tongoni, ambako kuna mabaki ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya kale, mengine ya nguzo. Mbele ya pwani hiyo ndipo Vasco da Gama alipochoma meli yake São Rafael mwaka 1499. Ukilala Ushongo lazima uvuke mto. Ujenzi wa daraja la mita 525 umekuwa ukiendelea, kwa hiyo piga simu unakolala uulize siku hiyo watu wanavuka wapi, na kama ni kwa kivuko, cha mwisho kinaondoka saa ngapi. Chukua fedha taslimu ukiwa bado Tanga.