Udi Hauposi

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Lamu napata wanafunzi wapya wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, takriban wote vijana wa kiume, na takriban wote huzunguka mbuyu. "Mwalimu, napenda sana taarabu za zamani." Mwambie ataje wimbo mmoja, atatazama boriti. Mpe kahawa, mwache akae, ndipo litakapotoka: kuna binti wa Mkomani, na amesikia kwamba mpiga ala hakosi mtu. "Nataka kuyua udi, mwalimu, lakini upesi."

Sina ubaya na anayetaka kupendwa. Ala huvuta watu, hilo silikatai. Nimekaa nyuma ya udi muda mrefu, nimeyaona. Ila sababu wanazozitaja sizo, na kwa kuwa sizo, huenda wakajifunza yasiyofaa, wakachoka, udi ukabaki umetundikwa ukutani unaliwa na chumvi.

"Beba ala tu, mengine yatakuja yenyewe"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana siku hizi imepata hadi "utafiti" wa kuonyeshana kwenye simu. Kule Ufaransa, kijana mmoja aliwasimamisha wasichana 300 barabarani akiwaomba namba, mara akiwa na mfuko wa gitaa, mara na begi la michezo, mara mikono mitupu. Matokeo yalichapishwa 2014: mwenye gitaa alipewa namba na wasichana 31 katika kila 100, mwenye mikono mitupu 14, mwenye begi la michezo 9. Kijana akishasoma hapo, anauliza bei ya mfuko kabla ya bei ya udi.

Asichosoma ni kwamba kazi za mtafiti aliyeongoza, Nicolas Guéguen, zilikuja kukaguliwa na wanasayansi wenzake, wakakuta hesabu za kutilia shaka, na baadhi ya makala zake zimeondolewa na majarida yaliyozichapisha. Mimi nisingejengea nyumba juu ya takwimu hizo.

Haya, tuseme ni za kweli. Wasichana wale walisikia nini? Hakuna. Hawakusikia hata uzi mmoja. Waliona mfuko, wakakisia yaliyomo: kwamba mtu huyu huenda ni mvumilivu, ana mikono mizuri, ana jambo la kusema. Hayo ni makisio, na makisio katika mji mkubwa wa watu wasiojuana yanaweza kudumu wiki nzima. Hapa kwetu, ukitembea na udi mgongoni kutoka Langoni kwenda Mkomani, kabla hujafika kila baraza limeshakuuliza unapiga nini. Ukisema bado unajifunza, hiyo ndiyo sifa yako mpaka mwakani.

Tena udi si chombo cha kujifichia. Una nyuzi kumi na moja, jozi tano na mmoja mnene wa peke yake, na shingoni hakuna vipande vya kukuonyesha pa kuweka kidole kama vilivyo kwenye gitaa. Kidole kikisogea unene wa ukucha, sauti imepotea. Bibi aliyeketi nyuma kabisa hajui kama ulikuwa kwenye rasti au bayati, zile ngazi za sauti, lakini amekunja uso. Na hewa yetu hii ya pwani, ukikaza nyuzi Alasiri, Isha zimelegea. Asiyejua kuzirudisha haraka anawakalisha watu kimya kizito huku akizungusha vigingi. Sijaona bado anayetongoza kwa kuzungusha vigingi.

Amotz Zahavi, mtaalamu wa ndege, alieleza mwaka 1975 kwamba alama inayoaminika ni ile iliyo ghali kuipata: mkia wa tausi unamwelemea, ndiyo maana hauwezi kughushiwa na tausi dhaifu. Baadaye wengine wakaliangalia suala la muziki kwa jicho hilo. Wakiwa sahihi, kinachoonyeshwa na mpigaji si mti wala nyuzi. Ni sugu za vidoleni, na saa zote alizokaa peke yake akirudia pale pale panapomshinda. Sasa wewe unayetaka upesi unaniomba nikuuzie alama bila gharama yake. Haiuzwi, wala kwangu wala dukani.

Huwa nawatajia Franz Liszt, yule mpiga piano wa Hungaria. Miaka ya 1840 wanawake wa Berlin walikuwa wakigombea glovu zake, hata mshairi Heinrich Heine akautungia uwazimu ule jina. Kabla ya hapo Liszt alikuwa mtoto aliyekalishwa kwenye mazoezi na mwalimu wake Carl Czerny kule Vienna. Mlango wa glovu ulikuwa huo.

"Wanawake wanatunza kwa kuwa wamempenda mpigaji"

Mwanangu, kaa karibu na jukwaa utazame vizuri. Mwanamke hainuki mwanzo wa wimbo. Anangoja ubeti. Ukifika ule unaomsemea, anajitengeneza leso, anakuja mbele taratibu kwa mapigo, noti ameishika juu kwa vidole viwili, na macho yake hayako kwako wala kwa mwimbaji. Yako safu ya tatu, kwa mtu anayemjua yeye, na huyo mtu ameshainamisha kichwa. Noti inaangukia kwa mwimbaji. Wewe mpiga udi utapata fungu lako mwisho wa usiku, wakati wa kugawana.

Ni maneno yanayotunzwa. Kazi yetu ni kuyapeleka yafike yakiwa mazima. Ndiyo maana mwanafunzi wangu hagusi vikorombwezo kabla hajaweza kumfuata mwimbaji anayechelewesha neno kwa makusudi. Wengi hulia hapo. Wanataka kupiga peke yao, watazamwe.

"Akisikia udi wangu, moyo utamwenda mbio kwa ajili yangu"

Moyo unaweza kumwenda mbio kweli, ila kwa nani? Mwaka 1974 Kanada, Donald Dutton na Arthur Aron waliweka msichana awahoji wanaume kwenye daraja la kuning'inia linaloyumba, na pia kwenye daraja imara. Wanaume waliovuka lile la kuyumba ndio waliompigia simu msichana kwa wingi zaidi baadaye. Mapigo yaliletwa na woga, sifa akapewa msichana. Muziki nao hufanya vivyo hivyo. Utafiti wa Austria uliochapishwa 2017 uliwasikilizisha watu piano, kisha ukawaonyesha picha za nyuso. Wanawake waliotoka kusikia muziki, hasa ule wa kusisimua, waliziona nyuso za wanaume zinavutia zaidi. Kwa wanaume hayo hayakuonekana.

Soma tena: nyuso zile hazikuwa za wapigaji. Ndiyo kusema unaweza kukesha unapiga, moyo wa binti ukachemka, na sifa akaichukua ami aliyepita na sinia la soda. Nimeyaona hayo pia.

"Tumeumbwa hivyo, hata sayansi imesema"

Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba huenda wahenga wetu wa mwanzo, wa kiume au wa kike, walianza sauti na mapigo ili kuvutiana, kama ndege. Ni dhana nzuri. Ilipopimwa Sweden kwa mapacha zaidi ya 10,000, katika kazi iliyochapishwa 2015, wenye sikio zuri la muziki kwa jumla hawakuonekana kuwa na wapenzi wengi kuliko wengine. Kilichojitokeza tu ni kwamba wanaume waliopiga hatua kubwa katika muziki walikuwa na watoto wengi zaidi. Kwa hiyo anayekwambia jambo hili limekwisha, hajasoma.

"Gitaa linavuta kuliko udi"

Linabebeka, basi. Na kijiji cha Shela kimejaa watalii waliolizoea.

"Kupiga kwa kasi ndiko kunakovutia"

Hapana. Kasi huwavutia wapigaji wenzako. Wasikilizaji hufuata mtu anayejua kunyamaza. Kuna jaribio la Marekani la mwaka 2009 ninalolipenda: watu waligonga kidole kwa kufuata mapigo, huku mtu mwingine kando yao akigonga naye. Kadiri walivyogonga pamoja, ndivyo walivyompenda yule mtu. Hakuonyesha ufundi wowote, aliafikiana nao tu. Ukinielewa hapo utaelewa kwa nini mwanafunzi wangu wa mwanzo namtuma kwanza akapige tari na wenzake, safu moja, bega kwa bega, mpaka asijisikie. Wanaokulia kwenye matari ya maulidi wana mkono wa kulia ambao siwezi kuufundisha. (Maulidi si mahali pa kutafutia mchumba, isije ikasemwa nimesema.)

"Hayo ni ya wanaume"

Mabinti huniuliza hili kwa sauti ya chini, wakitumwa na mama zao au wakiwaficha. Vugo, ngoma ya harusi hapa Lamu, ni la wanawake, pembe zikigongwa kwa vijiti, na sijamwona mwanamume wa kulishika. Zanzibar kuna Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake watupu, ala zote mikononi mwao. Na kwa uzoefu wangu, mabinti hukaza nyuzi sawasawa mapema kuliko kaka zao, kwa sababu hawaoni haya kusikiliza.

"Mpiga udi ni mhuni"

Hii ni ya akina mama, na huja kwangu baada ya mwana kuanza masomo, si kabla. Mama, mwana anayerudia mstari mmoja kuanzia Alasiri hadi Magharibi hana muda wa uhuni. Zein l'Abdin alizaliwa mji huu huu, akawa mpiga udi wa kutajwa pwani nzima, na waliomheshimu hawakuwa wahuni. Wahuni ninaowajua mimi hawapigi chochote.

Anayetaka kuja bado, aje. Nafundisha baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa. Kucha za mkono wa kushoto azikate kabla, simu aiweke kando mpaka aweze kumsindikiza mwimbaji ubeti mzima bila kumkimbia, na mfuko wa kubebea udi tutauzungumza mwisho.